Wafu Wanaongoja Fidia

Asubuhi Stany Kabemba alipokuta kigingi chenye rangi nyekundu kimepigwa katikati ya kilima chake, hakukasirika kama mwenye ardhi. Alitabasamu kama mvuvi aliyeona kamba ikitikisika, akakizunguka kigingi kile taratibu, mikono mgongoni, akitafakari ni nani aliyekipiga na anaweza kulipa kiasi gani.

Kilima hicho, Kasamba, kiko nje kidogo ya Kolwezi, upande wa magharibi, pale nyumba za Dilala zinapokoma na nyasi zinapoanza. Stany alirithi vitu viwili kwa babake: kilima na ulimi. Kilima hakuwahi kukilima. Ulimi hakuwahi kuupumzisha. Kwa ulimi huo alikwisha kuwauzia wachimbaji kinga dhidi ya majini wa mashimoni, na wenye pikipiki vyeti vya baraka vyenye muhuri. Na msimu mmoja alikodisha viti vya mstari wa mbele kwenye mapokezi ya waziri ambaye hakuja. Mapato ya kazi hizo yaliingia kwa mkono mmoja na kutokea kwa mwingine. Mkewe, Joyeuse, alirudi kwa wazazi wake Likasi, na ujumbe alioacha ulikuwa mfupi: atarudi siku mumewe atakapokuwa na nyumba ya matofali, kwa maana ile ya maneno alikwisha kuikaa vya kutosha. Basi Stany alihitaji nyumba, na mbele yake sasa palisimama kigingi.

Kigingi hicho kilikuwa jambo la mataifa. Angola, jirani ambaye miaka ya vita alitukimbilia sisi Wakongo akiwa na masufuria kichwani, alikuwa ameinuka. Sasa ana mafuta, ana bandari, ana benki, na, lililo zito kuliko yote, ana ramani. Mawaziri wa nchi mbili walikuwa wamekaa mbele ya bendera na kutangaza barabara ya urafiki itakayoipeleka shaba ya Lualaba hadi Atlantiki, wakisema kwamba ndugu hawa walitenganishwa na historia tu. Historia haikualikwa, kwa hiyo haikujitetea. Wataalamu wa mambo hayo hufundisha kwamba dola inayoinuka humpenda jirani yake kwa kadiri ya kile kilicho chini ya miguu ya jirani. Stany hakusomea fani hiyo. Lakini kwa kuwa naye aliwapenda jirani zake kwa kipimo hichohicho, anaweza kuhesabiwa kuwa mwanadiplomasia wa kuzaliwa.

Mwenye kigingi alikuja saa nne, ndani ya gari jeupe. Aliitwa injinia Zeferino Muangala. Alizaliwa Saurimo, ng'ambo ya mpaka, lakini alikulia Kisenge, upande wetu, ambako mamake alimkimbizia akiwa mchanga. Kwa hiyo alikisema Kiswahili cha Lualaba kama mtu aliyechapwa viboko katika shule zake, hata 'lakini' akiisema 'mais' kwa Kifaransa.

"Tata Kabemba," alisema injinia, "hapa haiko nyumba, haiko shamba. Mulima mutupu tunalipa, mais kidogo. Ukikubali, unatia sinyatire leo, juma hii unapata franga yako."

"Mulima mutupu," alirudia Stany kwa huzuni, kama mtu aliyetukaniwa mama. "Na bankambo?"

"Bankambo gani?"

"Benye kulala humu."

Injinia akatazama nyasi. Nyasi hazikusema kitu.

"Kama kuko kaburi, ile ni bingine," alisema. "Kaburi haifuatane na mulima. Kila mufu na familia yake. Tunaleta mbuzi, tunaleta mwenye kuomba, tunanunua sanduku mupya, tunamuhamisha kwa heshima. Kisha familia inapata franga ya machozi."

"Kila familia?"

"Kila familia."

Stany alishusha kichwa, na aliyekuwa mbali angedhani anawaombea marehemu. "Basi siwezi kutia sinyatire leo, injinia. Lazima niambie bote benye batu yao humu. Haiko muzuri mutu moja auze usingizi ya bengine."

"Fanya mbio. Barabara inaomba iishe mbele ya mvua. Nitarudia kisha mwezi."

Injinia aliondoka akiwa amependezwa na uchaji wa mtu yule. Katika kilima cha Kasamba, tangu kuumbwa kwake, hakuwa amezikwa hata kuku.

Mtu wa kwanza kupata msiba alikuwa Mukalay, fundi umeme na mzee wa kanisa, aliyekaa na mamake, Mama Agnès, katika moja ya zile nyumba kuukuu za kampuni ya madini huko Dilala. Stany alimkuta uani akifungua redio ya mteja.

"Mukalay, ndugu yangu, muyomba yako alikufaka wapi?"

"Muyomba gani? Ndugu ya mama yangu bote beko Manono, bazima. Kila mwezi banatuma habari kama banaikala na njaa."

"Hakuna hata moja mwenye alikufa?"

"Hata moja."

"Bon. Inaomba tuzale moja, kisha tumuzike."

Kutoka dirishani Mama Agnès alikohoa kikohozi cha mtu anayesikia vizuri. Stany aliteremsha sauti, akaeleza: barabara, injinia, mbuzi, sanduku, franga ya machozi. Mukalay angenunua nafasi kilimani kwa bei ya kindugu. Fidia ikija ingekuwa yake yote, isipokuwa kipande kidogo cha kumshukuru mwenye kilima. Mukalay aliweka bisibisi chini.

"Na kama banafungua kaburi banakuta paka udongo mutupu?"

"Mufu ya zamani ni nini, kama haiko udongo?"

Mzee wa kanisa alitambua kwamba hoja hiyo ilikuwa na Maandiko nyuma yake, na kwamba si kazi yake kubishana nayo. Kabla jua halijafika utosini, alikuwa amefiwa.

Abedi hakuhitaji hata kubembelezwa. Huyu alikuwa mwenye malori mawili, wa familia ya Kiislamu iliyotoka Kasongo, na biashara ilikuwa imemfundisha kwamba mteja wa kwanza kuuliza bei ndiye hupata bei. Alitaka wafu wawili.

"Mais ya kwangu balale na ubavu," alisema, "baangalie Makka. Na usibawekee musalaba."

"Tata Abedi, beko bafu ya uongo."

"Uongo ni uongo, dini ni dini. Ukichanganya bile bibili, barabara itakugonga."

Stany alikubali, na Abedi mwenyewe akapanda kilimani kuonyesha upande wa kibla, mkono ukinyooka kaskazini-mashariki juu ya matangi ya maji ya mji.

Habari njema haihitaji tarumbeta. Mtaa mzima uliingia kwenye maombolezo. Kinyozi alizika shangazi. Muuza simu alizika pacha wake, jambo lililohitaji ujasiri kwa kuwa wengi walimjua tangu tumboni akiwa peke yake. Waliochelewa walinung'unika kwamba nafasi za juu zenye kuonekana vizuri zimekwisha kutwaliwa na wenye uwezo, na Stany akawaliwaza kwa kusema kwamba hata mbinguni kuna madaraja.

Tumtendee haki: hakuwa mvivu katika ubaya. Alijenga matuta kwa mikono yake, akamwaga saruji pale familia zilipoweza kuigharamia, na kila aliyelipa alipata tuta lake. Saruji mpya aliizeesha kwa majivu na machicha ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, yaliyoifanya iote ukungu wa kijani kabla ya juma kwisha. Akaacha misalaba mingine iegemee, kwa kuwa alijua kwamba msalaba ulionyooka sana hauna huzuni. Ikabaki kitu kimoja. Kaburi la heshima katika nchi yetu huwekewa sahani na vikombe vya marehemu, vikiwa vimevunjwa kidogo ili wezi wasivitamani. Na Stany hakuwa na sahani.

Alikwenda kwa Mama Fidélie.

Mama Fidélie alikuwa na malewa yake bondeni, chini ya Kasamba, pale njia ya zamani ya vumbi inapopita. Aliwapikia madereva bukari, yaani ugali, kwa kapenta na matembele, na madereva walimheshimu kwa sababu hakupima nyama kwa macho yao bali kwa njaa yao. Kila aliyekula kwake siku zile alijua hofu yake: barabara mpya ikipita kilimani, njia ya bondeni itakufa, na wateja wake watabaki mbuzi. Injinia Muangala naye alikula hapo kila adhuhuri. Yeye Mama Fidélie alimpa Stany kapu zima la sahani zilizopasuka, akakataa kulipwa, kisha akapanda naye kilimani kuona zinavyopangwa.

Alitembea kati ya matuta kama mnunuzi wa nguo sokoni, akigusa hapa, akikunja uso pale.

"Tata Stany, kazi ni ya muzuri. Mais bafu yako ni ya bure."

"Ya bure namna gani?"

"Angalia. Muyomba, shangazi, pacha. Batu ya kawaida bote. Hakuna mukubwa hata moja. Ulionaka wapi kijiji bafu yake bote ni bakina sisi?"

Stany alisimamisha sahani hewani. "Mukubwa banalipa zaidi?"

"Mi sijue bei ya bafu, mi napikaka bukari. Mais we mwenyewe, uliona wapi serikali inaweka mukubwa na mudogo kwa mustari moja?"

Hakuwa ameona popote. Alitazama kilele cha kilima, mahali pazuri pasipo na mtu, na moyo wake ukaanza kumwendea kwa mbio mtu ambaye angelala pale.

"Mukubwa ya wapi?" aliuliza.

"Ile injinia mama yake ni Mulunda. Umutafutie mukubwa wa Musumba. Ule atamujua heshima."

Musumba, kama ajuavyo kila mtoto wa Lualaba, ni makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, mbali kaskazini huko Kapanga. Enzi yake ilitawala pande zote hizi kabla Kongo na Angola hazijapewa majina na watu wasiozijua. Mpaka ulipochorwa, uliwakata Walunda kama kisu kinavyokata muhogo, kipande huku, kipande kule. Lakini muhogo haukusahau kuwa mmoja. Dola hupanda na kushuka. Ukoo hukaa tu, ukingoja kuulizwa.

Basi akazaliwa Mwant Chimwang, akafa, na akazikwa kileleni, yote kwa muda wa siku tatu. Stany alimwagia saruji iliyobaki yote. Alimjengea ukingo, akampaka chokaa, akamwandikia jina, akampa sahani nzuri kuliko wengine na mkeka. Alitumia humo nauli ya kumfuata mkewe Likasi na fedha zote za jirani zake, kwa imani kwamba machozi ya mtukufu hayawezi kulipwa kwa bei ya machozi ya kinyozi. Akajipa na undugu naye kupitia kwa mama ya mama yake, marehemu mwingine asiyeweza kukanusha.

Injinia alirudi kama alivyoahidi. Alikuta mtaa mzima kilimani, kila mtu amevaa nguo za msiba na kusimama kando ya mfu wake, kama wafanyabiashara kando ya meza zao. Aliwapitia mmoja mmoja, akiuliza kwa upole. Mukalay alimsifu muyomba wake mpaka akajikuta anamlilia kwa dhati. Muuza simu alisema pacha wake alikuwa mtu wa kimya sana. Abedi alieleza kwamba babu zake wawili walikuja na msafara wa pembe, wakachoka papa hapa. Injinia aliandika, akatikisa kichwa, akatoa pole. Kila kitu kilikwenda vizuri kiasi kwamba Stany alianza kuichagua rangi ya milango ya nyumba yake.

Kisha injinia akafika kileleni.

Alisoma jina. Akavua kofia yake ngumu, akampa dereva. Akapiga magoti juu ya vumbi na suruali yake safi, akachota udongo, akajipaka mikononi na kifuani, na kupiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa na shimo katikati, kama mtu aliyefundishwa na mamake. Hata wale waliomwona Stany akikoroga saruji ile waliingiwa na haya kidogo.

"Tata," injinia alisema bila kuinuka, "huyu alitoka Musumba kweli?"

Stany alisikia bei ikipanda. "Kweli kabisa. Mama ya mama yangu alizaliwaka mu nyumba yake."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya hawa bote."

"Hawa bote banajua?"

Hawa bote walijua. Waliitika kwa sauti moja, kwa maana kilima kikiwa na mtukufu, jirani zake nao wanapanda daraja. Injinia akainuka, akajipangusa, akafunga daftari, na Stany alisikia milango ya Likasi ikifunguka.

"Basi," alisema injinia, "mulima ni kwisha."

"Kwisha namna gani?"

"Mufu ya kawaida, chifu ya hapa anatoa ruhusa, siku moja tunamaliza. Mukubwa wa Musumba, ruhusa inatoka Musumba kwenyewe. Bazee bakae, baongee, batume mutu, ule mutu aangalie, arudie, bakae tena. Na njia ya Kapanga, mvua ikianguka, hata trakta inalia. Mi niko na delai, siku yangu inahesabiwa, tata. Na mama yangu eko muzima kule Saurimo. Nikimugusa huyu, nitamuangalia na macho gani?" Akamgeukia dereva. "Toa kigingi. Tunapita mu bonde."

Stany alimtangulia akishuka kilima kinyumenyume.

"Injinia, ngoja. Nkambo hakukuwaka mukubwa sana."

"Umesema mukubwa."

"Mukubwa ya katikati. Na alikuwaka mutu ya kuelewa. Akisogea kidogo, hawezi kukasirika."

"Tata Kabemba, umeapa."

"Na ya sisi?" aliuliza Abedi, aliyekuwa amesogea kama mtu aonaye lori lake likirudi nyuma lenyewe. "Ba nkambo yangu babili?"

"Barabara haipite hapa, baba. Hakuna mwenye kuhamishwa, hakuna mwenye kulipwa. Balale salama."

Injinia alitoa mkono wa pole kwa kila familia, na gari jeupe likateremka.

Kufikia jioni vigingi vyekundu vilikuwa vimepigwa bondeni, na kimoja kilisimama hatua chache kutoka kwa mlango wa Mama Fidélie. Mradi ungemlipa kipande cha ua, ungemwachia mbele ya jiko lake uwanja wa kuegesha malori ya nchi mbili. Stany alimkuta akisonga bukari, mwiko mkubwa kama kasia mkononi.

"Ulijua," alisema Stany.

"Nilijua nini?"

"Kama mukubwa wa Musumba haitoke."

"Injinia anakulaka hapa kila siku, na mutu akikula muzuri anaongea. Nilimuomba barabara ipite kwa mulango yangu. Akaniambia: mama, ni kama mulima inakatala tu."

"Basi ukafanya mulima ikatale."

"Mi?" Mama Fidélie alipumzisha mwiko. "Mi nilikupa sahani, tata. Nilikuuliza mukubwa eko wapi, kama vile mutu anauliza chumvi. Saruji ni ya nani? Kiapo ni ya nani? Kama ungebakia na ile muyomba na shangazi yako, leo ungekuwa unanunua matofali. Na kama ungetia sinyatire siku ya kwanza, bila mufu hata moja, ungekuwa Likasi tangu zamani."

Stany alitafuta jibu katika ulimi aliorithi kwa babake, akalikosa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo.

"Ikala, ukule," alisema Mama Fidélie kwa huruma. "Bukari iko ya moto. Utalipa kama bengine."

Waliofiwa walikuja nyumbani kwake kesho yake, wakiwa na sura za watu waliofiwa kweli. Stany aliwapokea mlangoni na akawaeleza kwa utulivu kwamba polisi wapo, na hakuna anayewazuia kwenda kusema kwamba walinunua wafu wasiokuwepo na kwamba wafu hao wamekataa kuhama. Walitazamana. Kila mmoja aliapa mbele ya injinia wa mataifa mawili, kuhusu damu yake mwenyewe. Wakarudi makwao. Kutoka Likasi Joyeuse alituma neno kupitia kwa dereva: amesikia kwamba mumewe sasa ana wapangaji wengi kilimani, na anawatakia maisha marefu.

Injinia, kwa kuwa ni mtu mwadilifu, alikuwa ameipelekea Musumba habari. Mvua zilipokwisha alifika mzee mmoja juu ya pikipiki, mwembamba, mwenye vumbi la njia nzima kwenye nyusi. Alikaa mbele ya kaburi, akamwomba Stany amtajie ukoo. Stany aliutaja, akiujenga jina kwa jina kadiri alivyokwenda. Mzee alisikiliza hadi mwisho kwa macho ya mtu aliyekwisha kusikia uongo wa watu wakubwa kuliko huyu.

"Huyu simujue," alisema. "Mais bakubwa balikuwaka mingi, na nchi ni mukubwa."

Akageuka kutazama bondeni, ambako malori yalipita moja baada ya jingine kuelekea Angola. Musumba ilikuwa imepata kaburi kando ya barabara ya mataifa, na hakuna dola, changa wala kongwe, inayokataa zawadi ya namna hiyo. Mzee akalipaka kaburi pemba, ule udongo mweupe wa matambiko, akatamka kwamba Kasamba tangu siku ile ni mahali pa kuzika tu. Atakayejenga, atakayeuza au atakayechimba kitu kingine atamjibu Mwant Yav. Chifu wa eneo alithibitisha, na mwakilishi wa serikali akaja kupiga picha. Stany alitoa mbuzi. Alikuwa mbuzi wa kuazima.

Hivyo ndivyo mwenye kilima alivyogeuka mlinzi wa kilima. Alifagia, alisimamisha misalaba ambayo mwenyewe aliilaza, na madereva waliopita bondeni walimpigia honi kwa heshima.

Msimu wa baridi Mama Agnès alikufa, usingizini, bila kumsumbua mtu. Mukalay alikuja kwa Stany na macho mekundu.

"Mama amekwenda," alisema. "Tutamuzika Kasamba. Nilinunua nafasi."

"Pole sana, ndugu yangu. Mais ile nafasi iko na mutu."

"Iko na nani?"

Stany alifikiri. "Na muyomba yako."

"Muyomba ni ndugu ya mama. Atampisha dada yake."

Hoja hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. Walivunja saruji ya muyomba, na vijana wanne wa mtaa wakashuka na majembe na sururu. Wote walikuwa wachimbaji kwa kazi. Walichimba wima, bila maneno, kama watu walio kazini, huku kwaya ya kanisa ikiimba na Mama Fidélie akigawa chai kwa waombolezaji. Kaburi lilipofika kimo cha mabega, sururu ililia sauti nyingine.

Kijana aliinama, akainuka na jiwe. Akalitemea mate, akalisugua kwenye suruali. Lilikuwa kijani, kile kijani cha shaba chenye mistari ambacho mzaliwa wa Kolwezi hukitambua hata akiwa amefumba macho, kwa uzito wake. Kwaya ikapoteza beti. Babake Stany aliwahi kuchimba choo kwenye mteremko wa pili na kupata udongo mwekundu tu. Tangu hapo mji mzima, ambao huchimba hata chini ya vitanda vyake, ulikihesabu kilima hiki kuwa hakina kitu.

Stany aliruka ndani ya kaburi na viatu vyake vya msiba. Alipapasa ukuta wa udongo kwa viganja viwili.

"Iko mushipa?" aliuliza Abedi kutoka juu, kwa sauti ya mgonjwa.

"Iko mushipa," alijibu kijana mwenye sururu. "Mukubwa. Inapita chini ya bafu bote. Inapanda paka kule."

Wote walifuata kidole chake hadi kileleni, kwenye pemba nyeupe ya Mwant Chimwang. Kisha, kama waliokubaliana, wakatazama chini bondeni. Malori yalikuwa yakipita, yamefunikwa turubai, yamebeba shaba ya vilima vingine kuelekea baharini. Hakuna aliyetamka wazo lake, kwa sababu kila mmoja alilisoma usoni kwa mwenzake, na kila mmoja alikumbuka kwamba ni yeye, aliyeapa, angelazimika kwenda Musumba kulieleza.

"Tata Stany," alisema Mukalay polepole, mkono juu ya jeneza, "toka. Mama anangoja."

Stany alitoka. Jiwe lilirudishwa lilikotoka, na jeneza likashushwa juu yake. Stany alipotupa koleo lake la kwanza la udongo, alilia; Abedi akalia, kinyozi akalia, muuza simu akalia kuliko alivyomlilia pacha wake, na vijana wanne waliegemea majembe yao na kulia kwa mabega.

Mama Agnès alikuwa mwanamke mwema, na alistahili kuliliwa. Lakini madereva waliokuwa wakila bondeni, ambao kilio kile kiliwafikia hadi mezani, walikiri baadaye kwamba hawakuwahi kujua kuwa bibi yule alikuwa na watoto wengi kiasi hicho.